Mimi Iko

Ukiniuliza habari zangu leo, nitakujibu kama anavyojibu kila mtu Juba: nipo. Wengine watakwambia ana fi, kwa Kiarabu chetu cha hapa. Madereva wa malori na Waganda wa sokoni wanasema mimi iko, na mwalimu wa Kiswahili akiwasikia atashika kichwa, lakini hakuna asiyewaelewa. Hatusemi tu wazima wala hatusemi tunaumwa. Tunasema kwamba hatujaondoka. Kibandani kwangu Mangateen nasikia neno hilo kutwa nzima. Sukari fi? Fi. Mafuta fi? Mafi, hayapo, hakuna, njoo kesho. Sikuwahi kulifikiria neno dogo namna hiyo mpaka lilipoingia nyumbani kwetu.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori, Juba mpaka Kampala na kurudi, na Kiswahili chake alikiokota barabarani pamoja na vumbi. Vita vilipotufikia alitupakia kwenye lori la mwenzake, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, akasema anafunga nyumba na atatufuata na lori lake. Hakutufuata. Tukiwa kambini Uganda, mtu aliyetoka njia ile akatuambia lori la baba limeteketea, na dereva ndani yake. Tulimlilia bila maiti. Mama alinyoa nywele, majirani wakalala nasi nje siku zote za matanga, na yote yanayofanywa tukayafanya. Baadaye mama naye akaugua homa, akafariki kulekule, mjane. Mdogo wangu hakukaa tena kambini. Alikwenda Nairobi, akajifunza kutengeneza simu, kisha akaajiriwa kwenye duka la gemu.

Mimi niliporudi Juba nilikwenda mtaa wetu wa zamani, uitwao Juba na Bari, kuangalia kama nyumba yetu bado ina kuta. Nikamkuta baba amekaa mlangoni anachambua maharage. Nilipiga ukelele mpaka watu wakatoka majumbani. Yeye alikasirika.

"Kelele ya nini? Nani nasema mimi nakufa? Mimi iko."

Aliyeungua alikuwa utingo wake, aliyekuwa ameshika usukani siku ile. Baba alijificha porini, akaugua, akarudi mjini akakuta simu imeibwa na sisi hatupo. Anasema alituma salamu kwa dereva mmoja. Salamu hizo hazikufika, na hata leo sijui zilipotelea wapi.

Sasa, kwetu mtu aliyeliliwa kisha akatokea hai harudi tu nyumbani kama aliyetoka sokoni. Anasimama kizingitini. Watoto wake, mmoja mmoja, wanachovya mkono kwenye maji, wanamnyunyizia miguuni na kumuuliza: uko? Naye anajibu: niko. Mpaka mtoto wa mwisho amuulize, yeye ni nusu mtu. Anakula peke yake. Ukoo ukikaa kuzungumza, hana neno. Na akifa kabla ya hapo halii mtu, kwa sababu matanga yake yalishafanywa na hayafanywi mara mbili. Anafukiwa tu. Baba alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kirefu cha kifuani, na jambo hilo la kufukiwa tu ndilo lililokuwa likimwamsha alfajiri.

Mimi nilimuuliza siku ileile, maji kwenye kikombe. Akajibu. Halafu akaniuliza, "Kijana yangu iko wapi?"

Nilimpigia simu mdogo wangu Nairobi. Nikamweleza yote. Akasema, "Kwa hiyo mama alikufa mjane wa mtu aliye hai." Akakata. Tuliuliza kwa baba mdogo, anayeshika mambo ya ukoo, kama kuulizana kwa simu kunafaa. Akasema maji hayapiti kwenye simu. Basi tukasubiri.

Mdogo wangu alirudi Juba baada ya muda, lakini hakurudi kwa ajili ya baba. Alikodi chumba cha mabati Nyakuron, akaweka skrini za watu kuchezea mpira, jenereta nje, intaneti ya setilaiti juu ya paa, na katikati ya chumba akaacha nafasi tupu ya kile alichokibeba kutoka Nairobi kwenye begi la mgongoni kama yai: miwani ile mikubwa ya kufunga uso mzima, ambayo ukiivaa unaingia ndani ya mchezo. Wateja waliipa jina siku ya kwanza. Nadara, miwani, basi. Ilikuwa imetumika na watu kabla yake, mkanda umelegea, na kwa joto la Juba ilipata ukungu kama sufuria. Mtu akivua, sponji inachuruzika jasho, mdogo wangu anaifuta kwa kitambaa na spiriti, anamfunga mwingine. Waliozoea mpira wa skrini waliwacheka wenzao wakipigana ngumi na hewa. Mwanamume mmoja mwenye kitambi alipiga ukuta wa mabati mpaka muuza chapati wa jirani, Mganda, akatoka na mwiko wake akidhani ni wezi. Wengine walitapika, na ndoo ilikuwepo kwa kazi hiyo.

Mimi si mtu wa kupenda mashine. Lakini alinisihi, na yeye ni mdogo wangu, nikakubali kufungwa uso. Nikajikuta kwenye chumba chenye dirisha, nje miti, na mikono yangu si yangu. Mtu wa bati akanijia, akainama, akasema jambo kwa Kiingereza, na mimi, mwanamke mzima mwenye kibanda, nikamjibu kwa adabu: "Nipo, baba. Nyumbani hamjambo?" Chumba kizima kikaangua kicheko.

Mdogo wangu hakucheka. Alinivua, macho yanang'aa.

"Umeona, dada? Umemsalimia. Hiyo ndiyo inaitwa kuwepo. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Picha si kitu, bunduki si kitu. Ni mwili kuamini kwamba uko pale."

Akakaa juu ya kreti ya soda akanihubiria, na lazima niseme ukweli, alihubiri vizuri kuliko wachungaji wengi. Hii iliyoko kwangu ni jiwe, alisema. Zinazokuja ni nyepesi kama miwani ya kusomea. Kuna glavu zinatengenezwa, ukishika kikombe humo ndani unasikia moto wake. Kuna fulana, mtu akikugusa bega unasikia bega. Skrini zitakuwa kama redio za babu zetu. Watu hawatacheza mchezo, wataingia, watakutana humo, mmoja Juba, mmoja Nairobi, mmoja Australia, wanasimama pamoja. "Sisi tuliambiwa maisha yetu yote uko wapi, umetoka wapi, kitambulisho kiko wapi. Watoto wa hawa wateja wangu wataulizwa tu: unataka kuwa wapi?"

"Na mwili utabaki wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kiti."

"Nani ataufukuzia nzi?"

"Dada, wewe mambo yako," akasema, lakini alitabasamu, na nilipoona tabasamu nikachomekea habari ya baba. Nikamwambia anakohoa. Nikamwambia kinachobaki ni neno moja na maji kidogo. Uso wake ulifungika palepale.

"Mwambie nitanunua miwani mbili. Avae moja huko Juba na Bari, mimi hapa. Nitamuuliza humo ndani."

Alisema kwa kejeli, najua, ila mimi nina ubishi wangu. Nililibeba neno hilo mpaka kwa baba, nikamweleza miwani ni nini na kesho yake itakuwa nini, glavu, fulana, vyote. Alinisikiliza vizuri, kama anavyomsikiliza fundi akieleza injini.

"Huko ndani maji iko?"

"Yapo, baba, ila yanaonekana tu. Hayalowanishi."

Akafikiri. "Basi mtu ya huko atakuwa hai huko tu," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Ikaenda hivyo kwa muda. Mmoja anasema mzazi ndiye aliyepotea, aje yeye. Mwingine anasema tangu lini mzazi akaenda kuomba mlangoni kwa mwanawe. Mimi katikati, nikipanda boda huku na huku na dagaa zangu kibandani zikiharibika. Halafu siku moja, nikiwa naondoka Nyakuron, mdogo wangu akaniuliza bila kunitazama, "Bado anakohoa?" Nilijua mlango umefunguka kidogo. Nikaenda moja kwa moja Juba na Bari, nikamwambia baba, twende. Wewe umri umekwenda na yeye ana kiburi chako, asipoanza mmoja hamtaanza.

Watu wananiambia ningempigia simu mdogo wangu kwanza. Ningempigia, angefunga chumba akatoroka. Namjua.

Baba alivaa koti lake la safari, lile la udereva, lenye mifuko mingi. Alioga. Halafu akachukua chupa tupu ya soda, akaijaza maji ya mtungi wa nyumbani kwetu, akaifunga vizuri na kuitia mfukoni. Mtu anayekwenda kuulizwa kama yuko hai alibeba maji yake mwenyewe. Tulipanda boda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika, na njiani hakukohoa hata kidogo.

Tulifika mchana, wateja wachache. Jenereta ilikuwa inanguruma. Baba alisimama kizingitini, akavua kofia, akaitoa chupa akaishika kwa mikono miwili. Hakuingia, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Mdogo wangu alikuwa katikati ya chumba, miwani usoni, spika masikioni, uso ameuelekeza mlangoni kabisa. Alikuwa anatabasamu. Baba hakuwahi kuona mtu amevaa kitu kile. Aliona mwanawe amemgeukia anatabasamu, na naye akatabasamu, na akangoja aulizwe.

Nieleze kilichokuwa kikiendelea, ingawa mimi mwenyewe nilikielewa baadaye. Alikuwa anacheza na rafiki yake aliyeko Nairobi. Katika mchezo ule ukiuawa, kivuli chako kinabaki kimesimama palepale mpaka utoke kabisa ndipo uingie upya. Rafiki alikuwa ameuawa na hataki kutoka.

"Kijana yangu," baba akasema.

Mdogo wangu akanyoosha mkono. Kidole chake kilikwenda sawasawa kwenye kifua cha baba.

"Wewe si ushakufa? Ushakufa kitambo, manze! Toka! Toka nje, usinisimamie hapo kama mzimu."

Na akacheka.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika vile.  Baba aliinama akaiweka chupa kizingitini, taratibu, kama mtu anayeacha maziwa kwa jirani, akavaa kofia, akageuka. Mimi nilirukia ile miwani nikaing'oa usoni kwa mdogo wangu pamoja na nywele. Alinitukana. Kisha akaiona chupa, akaona koti mgongoni mwa boda likiondoka, akatoka mbio bila viatu. Boda ilikuwa imeshaingia kwenye lami. Alibaki na vumbi peke yake.

Jioni ile nilimweleza baba kila kitu. Nilieleza mpaka sauti ikakauka.

"Alikuwa anaongea na rafiki yake, baba. Hakukuona. Kitu kile kinafunga macho."

"Rafiki nasimama wapi?"

"Nairobi."

"Na kidole yake nasimama wapi?"

 Baba akanyoosha miguu yake, ile iliyokuwa inangoja maji, akaitazama. "Mtoto ya mwisho nasimama mbele ya maji, mbele ya mlango, nasema neno yake. Mimi nasikia na masikio yangu. Imekwisha."

Baba mdogo alikuja akamwambia hiyo ni ajali, mambo ya mashine, yanaweza kurudiwa. Muuza chapati alikuja kushuhudia kwamba kijana huwa anaongea na hewa kutwa nzima. Hata wateja wawili walikuja, wakavua kofia, wakaapa. Baba aliwashukuru wote kwa adabu, akawapa chai. Nadhani aliwaamini. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba aliwaamini na haikusaidia kitu. Alikuwa amebeba tumaini mfukoni mwa koti kutoka Juba na Bari mpaka Nyakuron, na hakuwa na nguvu ya kulibeba tena.

Mdogo wangu yeye alishika jambo moja, akaling'ang'ania kama mgonjwa anavyong'ang'ania dawa aliyosimuliwa. Miwani mpya, alisema, zina macho kwa nje. Mtu akikusogelea, hata uwe vitani, hata uwe mwezini, miwani inamleta ndani, unamwona alivyo, na nguo zake. "Ingekuwa ile mpya, dada, ningemwona. Ningeona koti." Aliuza skrini zote mbili, akaagiza hiyo mpya. Ilipofika hakuwaita wateja. Aliniita mimi. Akaivaa, akasimama palepale katikati ya chumba, akaniambia nitoke nje kisha niingie kama mtu anayekuja kumtembelea.

Niliingia. Nikasimama kizingitini.

"Nakuona," akasema. "Nakuona, dada. Kitambaa chekundu. Una mfuko wa sukari mkononi. Nakuona kabisa." Na machozi yakatoka chini ya ile miwani, yakashuka mpaka kidevuni.

Nilimhurumia, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na kwangu hasira ndiyo hutangulia. Nikamwambia macho ya kuona anayekuja mlangoni alizaliwa nayo, hayakuagizwa. Akakaa chini sakafuni. Nilitaka kurudisha maneno, nikashindwa, nikampa sukari.

Huwa najiuliza kuhusu hiyo kesho yake. Siipingi. Najua itakuja, iwe nyepesi, iwe na glavu za moto na fulana za kugusa, na watu wetu waliotapakaa duniani watasimama pamoja kwenye chumba chenye dirisha na miti, na wengine watalia kwa furaha. Labda kuna mtoto wa Mangateen ambaye ndiye atakayeitengeneza. Ninachokiogopa ni kidogo na ni cha nyumbani. Naogopa kidole kinachonyooshwa kwa mtu wa Nairobi na kumpata mzee aliyesimama Nyakuron. Hakuna aliyekosea kwenye mchezo ule. Mdogo wangu alikuwepo kweli mahali alipokuwa.

Baba akaacha kukaa mlangoni. Alifunga mlango akakaa ndani, na kikohozi kikashuka chini zaidi, kikawa kinatoka tumboni. Nilikuwa nikipeleka chakula naweka kwenye kizingiti, naondoka, nikirudi nakuta sahani imeoshwa. Nikimsalimia hakuitika.

Mwishowe mdogo wangu alikuja mwenyewe. Hakuja na miwani. Alikuja na chupa ileile ya soda, maji yaleyale ndani, alikuwa ameyahifadhi juu ya kabati muda wote huo. Alivaa shati la kanisani. Tulisimama mbele ya mlango wa nyumba tulimozaliwa, na baba mdogo nyuma yetu kama shahidi. Mdogo wangu akapiga magoti, akamimina maji kiganjani, akayanyunyizia chini ya mlango yapenye yafike ndani.

"Baba, uko?"

 Tulisikia kitanda kikilia. Alikuwa amekaa, au amegeuka.

Akamimina tena, akauliza hilohilo kwa Kiarabu chetu. "Abuya, ita fi?"

Kikohozi, kirefu, kisha kikaisha.

Mdogo wangu alikuwa ameweka paji la uso kwenye mbao za mlango. Maji yaliyobaki aliyamwaga yote, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili cha baba mwenyewe, kile cha malori, ambacho tangu utotoni tulikuwa tukimcheka nacho. "Baba. Wewe iko?"

 Baba mdogo alinishika mkono. Kutoka ndani, karibu sana na mlango, karibu kuliko nilivyodhani, sauti ya baba yetu ikajibu, wazi kabisa, bila hasira.

"Mafi."